Marundo 31 ya mawe: chama cha Nairobi kilivyodhani kimenunua shamba la watu wa kale

Nimeruhusiwa kuandika hiki kisa bora nisitaje chama, mahali wala mtu, kwa hivyo majina hakuna na ramani msitafute. Nakiandika sana sana kwa wale vijana wanaosoma akiolojia na wale wanaofanya kazi kama yangu, lakini pia kwa yeyote amenunua ardhi Bonde la Ufa akakuta mawe yamerundikwa na hajui ni ya nini.

Usuli

Chama kilianza kama mzunguko wa kawaida wa kina mama wa Umoja na Donholm, wale wa kuchanga kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, halafu kikakua, waume wakaingia, wakafika watu 14, wakaona pesa imelala tu benki na ndo wakaamua kununua ardhi. Walipata ekari kadhaa kwenye mteremko, masaa mawili na nusu kutoka Nairobi kama umeamka kabla ya jam. Nyasi, vichaka vya leleshwa, udongo wa volkano, na mawe, mawe mengi ajabu.

Hiyo ardhi iko na historia kama ya mashamba mengi ya huko. Wakati wa mkoloni ilikua shamba la mzungu, ngano juu na ng'ombe chini. Baada ya uhuru ikanunuliwa na kampuni ya kununua mashamba, wenye hisa wakagawana vipande, vipande vikauzwa, vikarithiwa, vikauzwa tena. Chama nadhani ni mnunuzi wa nne ama wa tano.

Mimi nilisomea akiolojia na siku hizi nakula kwa kuandika ile sehemu ya turathi kwenye ripoti za mazingira, yaani barabara ikipita mahali, ama nguzo za stima, natumwa kuangalia kama kuna kitu cha kale kitaharibika. Mwenyekiti wa chama ni binamu ya mama yangu, namuita Anti, na hiyo ndo sababu niliingizwa kwa hii stori. Sikulipwa, nilipewa kuku wawili na gunia la viazi.

Mtu mwingine wa muhimu ni mwanachama mmoja aliyestaafu ualimu wa historia. Wote wanamwita Mwalimu. Alikua amesoma mahali kuhusu Uingereza, vile juu ya vilima vya North York Moors na Peak District kuna mamia ya marundo madogo ya mawe yaliyoachwa na wakulima wa Enzi ya Shaba. Walikua wanaokota mawe shambani ndo jembe lipite, wanayatupa pamoja, na miaka elfu tatu na zaidi baadaye shamba limepotea, nyasi na magugu ya kilimani yamefunika kila kitu, marundo bado yapo. Hiyo ni kweli kabisa. Shida ilikua ni vile alivyoibeba akaileta huku nzima nzima.

Kilichotokea

Mwalimu alienda kuona ploti akiwa na savea. Akahesabu marundo 31. Madogo ya kufika gotini, mengine ya kufika kifuani, mengine marefu kama ukuta umeanguka. Akapiga picha, akazitupa kwa grupu ya wasap ya chama saa tano usiku na ujumbe mrefu, kwamba hii ni ithibati ya kilimo cha kale Kenya, kwamba hao watu walilima hapa kabla ya Yesu kuzaliwa, na kwamba vitabu vya shule vitaandikwa upya. Anti akanitumia zile picha akaniuliza, "Wewe ndo ulisomea hizi vitu, ni kweli?"

Hapa ndo nilikosea mara ya kwanza. Nilikua kwa matatu, nimechoka, nikaangalia picha mbili tatu, na rundo moja kweli lilikua limekaa vile marundo ya kusafisha shamba hukaa: mawe ya kila saizi, hakuna mpangilio, yamerushwa tu. Nikajibu, "Inawezekana ni mashamba ya zamani, hayo ni marundo ya kutoa mawe shambani." Sikusema zamani gani. Kwa akili yangu "zamani" ni neno la tahadhari, kumbe kwa grupu ya watu 14 walio na ploti ya kuuza ni kama nimepiga muhuri.

Kufikia Ijumaa kulikua na kambi tatu. Ya kwanza ilikua ya Mwalimu, na wawili wao wameshaanza kuongea mambo ya watalii, tiketi ya kuingia, kibanda cha chai. Ya pili ilikua inasema hayo ni makaburi, na mtu wa Nairobi hawezi kujenga nyumba juu ya kaburi la mtu hajui ni nani, kwa hivyo tuuze tuondoke. Ya tatu ilikua ya kimya. Hao hawakuandika chochote kwa grupu, walimpigia tu dereva wa trekta aendelee na kazi ya kufungua barabara ya kuingilia, na mawe yabebwe kujazia msingi wa nyumba ya kwanza, maanake mawe ya kununua ni pesa.

Jumatatu marundo manne yalikua yameisha.

Nilijua Jumatano. Anti alinipigia kwa sababu jirani, mzee mmoja Mmaasai ambaye boma lake liko ng'ambo ya bonde, alikua amekuja kusimama mbele ya trekta. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba lile rundo la juu kwa kilima wao hupita wakiongeza jiwe, baba yake aliongeza, babu yake aliongeza, na kama wanataka kulibeba wamwambie kwanza wanalipeleka wapi. Dereva alizima injini akaenda kula.

Alhamisi nikaenda mwenyewe, na boda ya mwisho ilinigharimu kuliko matatu yote.

Siku ya kwanza shambani

Nilitembea kutoka saa tatu hadi saa kumi. Sikugusa jiwe. Nilikua na simu ya kuchukua alama za mahali, kamba ya kupimia, na daftari. Kila rundo nikalipa namba na nikajiuliza maswali yale yale: liko wapi, mteremko ama tambarare, mawe ni saizi moja ama mchanganyiko, yamepangwa ama yametupwa, kuna udongo kati yake, limezama ardhini kiasi gani, na ardhi inayolizunguka ina mawe ama imesafishwa.

Hilo swali la mwisho ndo watu husahau, na ndo linashinda yote. Kama mtu alitoa mawe ndo alime, basi hapo katikati ya marundo lazima mawe yawe machache. Ukikuta rundo na ardhi inayolizunguka bado imejaa mawe ya saizi hiyo hiyo, huyo mtu hakua anasafisha shamba, alikua anafanya kitu kingine.

Kufikia saa sita nilikua nimeanza kuona kwamba hatuna eneo moja la marundo 31. Tuko na angalau vikundi vitatu ambavyo havijuani. Mengi yalikua yamekaa kwa mistari iliyonyooka, kama mtu alifuata kamba, na mawe yake kadhaa yalikua na mikwaruzo mirefu sambamba yenye kutu ndani. Hiyo ni chuma. Jembe la sahani la trekta likigonga jiwe huacha unga wa chuma kwa mkwaruzo, mvua ikipiga inakua kutu. Enzi ya kabla ya Yesu hakuna trekta. Mengine machache yalikua madogo, yako kwa kona za vipande vya sasa, karibu na mawe ya mipaka, mepesi mepesi, jiwe ukiligusa linatikisika. Halafu kulikua na matatu ambayo yalinifanya nikae chini.

Mawili yako juu kabisa kwa mgongo wa kilima, mahali hakuna mtu mwenye akili angepeleka jembe, mwamba uko nje. Yamezama, udongo umepanda pande zote, na kwa ukingo kuna mawe makubwa yamesimamishwa kwa duara. La mzee jirani ni mojawapo. La tatu, namba 17 kwa daftari langu, liko chini katikati ya shamba na linafanana na hayo mawili, ila limefunikwa juu na mawe ya kurushwa yenye mikwaruzo. Yaani rundo juu ya rundo.

Maamuzi, na sababu zake

Jioni tulikutana nyumbani kwa Anti, Donholm. Niliomba vitu vinne na nitaeleza kila kimoja kwa nini, kwa sababu wawili kati ya wanachama walinipinga vizuri na walikua na haki.

Kwanza trekta isimame kabisa, hata kwa yale marundo yenye mikwaruzo. Kambi ya kimya ikauliza, kama umeshasema ni ya mzungu si tuyabebe tu? Nikawaambia rundo namba 17 limenifunza kitu, juu ni mzungu chini ni mwingine, na kabla hatujajua mangapi yako hivyo hatubebi.

Pili, hakuna kuchimba. Mwalimu aliumia hapa. Alitaka kufungua moja "kidogo tu" tuone kama kuna mifupa ama mbegu. Sheria ya makumbusho na turathi ya 2006 inataka kibali cha kuchimba na inataka ugunduzi uripotiwe, hiyo ni moja. Sababu yenyewe iliyonizuia ni nyingine lakini: rundo likishafunguliwa na mtu asiye na vifaa, jibu lote limeenda. Thamani ya rundo haiko kwa mawe, iko kwa udongo uliolala chini yake tangu siku jiwe la kwanza liliwekwa.

Tatu, turipoti kwa maandishi. Tuliripoti. Jibu lilichukua wiki kadhaa na simu nyingi, na ofisi sitaitaja, lakini mwishowe mtaalamu aliye na kibali alikuja na wanafunzi wawili.

Nne, tuzungumze na wazee na tutafute picha za angani za zamani. Hizi picha za ndege zilizopigwa wakati wa mkoloni kwa ajili ya ramani ni dhahabu, watu wa akiolojia hapa kwetu tunazisahau kwa sababu setilaiti imetuharibu. Setilaiti inakuonyesha vile pako leo, ile picha inakuonyesha kabla ya wenye hisa.

Kuhusu watalii nilikataa kusema lolote, na Anti akakataza tangazo lililokua limeshaandikwa kwamba ploti ziko "karibu na mashamba ya watu wa kale".

Tulipata nini

Picha ya angani ilimaliza ubishi karibu wote. Mistari ya shamba la ngano inaonekana safi kabisa, na marundo 19 yamekaa juu ya mipaka ya hiyo mistari. Yale madogo ya kwa kona hayamo, kwa hivyo yalikuja baadaye. Mama mmoja mzee, ambaye mumewe alikua mwenye hisa, alitucheka, akasema hayo matano yeye mwenyewe alibeba na karai akiwa na mimba, akilima mahindi na viazi. Ithibati ya kilimo hiyo hapo, imekaa kwa kiti inakunywa chai.

Halafu namba 17. Kwa picha, mistari ya jembe inakuja imenyooka, ikifika hapo inapinda, inalizunguka rundo, inanyooka tena. Dereva wa trekta wa wakati huo alilikwepa. Maana yake rundo lilikua hapo kabla yake, na lilikua zito ama la kuogopwa kiasi cha kukwepwa, na baadaye vibarua wakaona ni mahali pazuri pa kutupia mawe mengine.

Mtaalamu hakufungua lolote kati ya yale matatu. Alichofanya ni kusafisha ukuta wa rundo moja lililokua limekatwa nusu na trekta yetu, lile liko pembeni mwa barabara, kwa sababu lilikua limeshaharibika. Chini ya mawe kulikua na udongo uliolimwa, umechanganyika vizuri, na ndani yake kipande cha waya na kitako cha chupa. Mwalimu aliomba mkaa uliokua hapo upelekwe kupimwa umri. Akaambiwa hapana, na nafurahi aliambiwa, kwa sababu mkaa ungeweza kutoa miaka elfu mbili na kila mtu angeruka. Moto wa msituni umewaka huko miaka yote, mkaa unachanganyika na udongo, jembe linaupindua. Tarehe ya mkaa inakuambia mti ulikufa lini, haikuambii mawe yalirundikwa lini, ila tu kwamba yalirundikwa baada ya hapo.

Kwa hivyo hesabu ni hii: 19 ya shamba la mkoloni, 5 ya wenye hisa, 3 ya kale ambayo hayajafunguliwa na yanaonekana ya kuzikia, na 4 yaliyobebwa. Barabara ilihamishwa, ploti mbili zikaondolewa kwa mauzo, na hasara ikagawanywa kwa wote 14, jambo ambalo lilileta kikao kirefu kuliko vyote na mimi nilitoka nje.

Uchambuzi: rundo la mawe linaweza kusema nini

Nirudi kwa wazo la Mwalimu, kwa sababu halikua la kijinga.

Kule Uingereza hawakuamua tu kwamba marundo ni ya wakulima. Kwa muda mrefu wengi waliyaona ni makaburi, na mengine ni makaburi kweli, mengine ni ya shamba na bado yana majivu ya mtu yamewekwa ndani, vitu viwili kwa rundo moja. Kilichowashawishi ni mkusanyiko: ardhi iliyosafishwa katikati, kuta fupi fupi zinazounganisha marundo, nyumba za duara karibu, na chavua, yaani ule unga wa maua, iliyohifadhiwa kwa udongo wa chini na kwa tope jeusi lenye maji, inayoonyesha miti ikipungua na nyasi na magugu ya shamba yakiongezeka. Kusini mwa Uswidi, mkoa wa Småland, marundo ya aina hii yamejaa msituni, na yalipochunguzwa mengi ikaonekana eneo moja limelimwa, likaachwa, likalimwa tena, kwa nyakati tofauti kabisa. Hata huko swali la "haya marundo ni ya lini" halina jibu moja.

Kuna mfano mwingine Mwalimu aliupenda sana nilipomwambia, wa Céide Fields huko Mayo, Ayalandi. Mwalimu wa shule, Patrick Caulfield, miaka ya 1930 alikua akiona watu wakikata lile tope la mimea iliyooza ambalo wao hukausha na kuwashia moto, na chini kabisa wanakuta mawe yamepangwa. Akafikiri hivi: hilo tope limejikusanya lenyewe pole pole juu ya mawe, hakuna mtu alilibeba, kwa hivyo mawe ni ya zamani kuliko tope. Mtoto wake Seamas akawa mwanaakiolojia, akaendeleza, wakapata kuta za mashamba za watu wa mwanzo wa kilimo kwa maelfu ya mita. Ona lakini kilichompa nguvu Caulfield: si mawe, ni kile kilichokua juu yake. Sisi hatuna hilo tope. Udongo wetu wa huko ni mkavu, hewa inapita, chavua inaoza. Kinachobaki kwetu ni vile vipande vidogo sana vya silika, madini magumu kama kioo, vinavyotengenezwa ndani ya majani ya nyasi na nafaka, hivyo havikubali kuoza upesi, na pia kuna njia ya kupima chembe za mchanga ziliona jua mara ya mwisho lini, ambayo inafaa sana kwa chini ya rundo. Zote mbili zinataka udongo ambao haujaguswa, ndo maana nilipiga kelele kuhusu kuchimba.

Sasa huku kwetu. Marundo ya kale ya Bonde la Ufa tunayoyajua vizuri ni ya wafugaji, na ni ya wafu. Hyrax Hill, Nakuru, Mary Leakey alichimba 1937 na 1938 akakuta watu wamezikwa chini ya mawe, baadhi na vyombo vya mawe. Njoro River Cave, ambalo ni pango, walichoma wafu wao, karibu miaka elfu tatu iliyopita, wakawaacha na shanga, bakuli za mawe na mawe ya kusagia. Lothagam Kaskazini, kando ya Ziwa Turkana, kati ya miaka 5,000 na 4,300 hivi iliyopita, wafugaji walijenga jukwaa la mawe lenye nguzo na chini yake kuna watu wasiopungua 580, matokeo yalichapishwa 2018. Hawa wote walikua na ng'ombe, mbuzi na kondoo. Kuona jiwe la kusagia na kusema "nafaka" ni haraka, maanake mawe kama hayo yamekutwa na rangi nyekundu ya udongo, walikua wanasaga ngeu ya kujipaka.

Ukitaka kilimo cha kale cha Kenya, tafuta mbegu. Kule Kakapel, Busia, karibu na Mlima Elgon, utafiti uliochapishwa 2024 ulipata kunde za miaka kama 2,300 iliyopita, na wimbi na mtama za angalau miaka elfu moja. Ziliungua, ndo zikahifadhika, zikapimwa zenyewe na si mkaa wa jirani. Kunde moja iliyoungua inashinda marundo 31 kwa kesi kama hii, ndo ukweli.

Na ukitaka mawe yanayosema kilimo bila kigugumizi, vuka mpaka uende Engaruka, kaskazini mwa Tanzania. Pale kuna marundo ya mawe yaliyotolewa shambani, lakini yako pamoja na matuta, mifereji iliyojengwa kwa mawe kutoka kwa mito ya ukuta wa bonde, na vijiji juu ya mteremko. Kila kitu kinashuhudia kingine. Umri wake ni karne ya 15 hadi ya 18, si maelfu ya miaka kabla ya Yesu. Mwalimu aliposikia hiyo alinyamaza kidogo akasema, "Kumbe hata ya juzi inahesabika." Ndio, inahesabika sana, na mimi hadi leo sielewi ni nani alitufunza kwamba kitu cha Mwafrika lazima kiwe na miaka elfu tatu ndo kiwe cha maana. Yule mama wa karai pia ni historia ya kilimo, na hajawahi kuulizwa na mtu.

Yaliyofaulu na yaliyoharibika

Mzee jirani ndo alifaulu kuliko sisi wote. Alisimama tu. Kwa Wamaasai mtu mkubwa kama laibon, yaani kiongozi wao wa kiroho, huzikwa na wapita njia wakaongeza jiwe, kwa hivyo yeye alikua na jibu la "nani huongeza mawe hapa" kabla sijafika na daftari. Ingekua mimi nilianza kwa kumuuliza yeye ningeokoa siku mbili. Haimaanishi rundo lote ni la watu wake, linaweza kuwa la kale zaidi na wao wakalikuta na kuliheshimu, lakini lilikua hai, na hilo peke yake lilitosha kuzima trekta.

Kuhesabu kila rundo peke yake pia kulifaulu. Tungechukua moja lenye waya tukasema "yote ni ya mzungu", tungebeba na lile namba 17. Tungechukua la kilimani tukasema "yote ni makaburi", chama kingeuza kwa hasara na kuogopa mashamba ya viazi.

Kilichoharibika ni ujumbe wangu wa kwanza. Ningeandika hivi: sijui, msiguse, nakuja Jumamosi. Maneno manne tu. Badala yake niliwapa neno "zamani" na kambi ya kimya ikaona kama tukichelewa hii ardhi itachukuliwa na serikali, ndo wakaharakisha trekta. Anti aliniambia hivyo baadaye bila kunilaumu, jambo ambalo lilikua baya zaidi. Na hatukuzungumza mapema kuhusu pesa, nani atabeba hasara ya ploti zikiondolewa, kwa hivyo kila swali la akiolojia lilikua linasikika kama swali la mfuko wa mtu.

Yale manne yaliyobebwa nilijaribu kuyafuata. Matatu, kulingana na picha ya angani, yalikua kwa mstari wa ngano, hayo sina wasiwasi nayo sana. La kwanza kubebwa lilikua mahali ambapo kwa picha pana kivuli cha mti, haionekani kitu. Nilimtafuta dereva nikamkuta anakula chapati kwa kibanda cha stendi, nikamuuliza anakumbuka nini. Akasema matatu yalitoka kama mchezo. Lile la kwanza ndo lilimsumbua, juu lilikua mawe ya kawaida lakini chini kulikua na mawe makubwa yamesimama kwa duara, yameshikana, ikabidi arudi nyuma mara mbili na kuyasukuma upya. Sasa yako kwa msingi wa nyumba ya kwanza, upande wa jikoni.